Fungu na Kifungu

Jina lake silitaji. Sheria imenikataza,
nami nimekula kiapo, na mshahara wake naula.
Mjomba wake naye simtaji: Igombe ni padogo,
ukimwita mjomba, mpwa ndiye atakayegeuka,
ndoo ya dagaa kichwani.

Nitasema tu ana miaka tisa,
au kumi. Cheti hakuna.
Majirani wanasema alizaliwa mwaka ule ziwa lilipopanda
likazima moto jikoni kwa Mama Sendama.
Mahakama haiujui mwaka huo.
Niliandika: umri wa kukadiriwa.

Mwaloni, pale Kirumba, fungu ni dagaa
kiganja na nusu juu ya gunia,
na muuzaji akikupenda anakutilia nyongeza.
Ofisini kwangu kuna kifungu.
Mtoto wa fungu, nadhani, kwa jinsi neno lilivyo,
lakini hakina nyongeza.

Ijumaa, saa kumi kasoro, simu ya balozi Lugembe:
“Mama ustawi, njoo. Huyu mtoto mgongo wake…”
Hakuimalizia sentensi.
Nilipanda pikipiki ya Masalu, faili kwapani,
na njia nzima sikujiuliza nifanye nini,
nilijiuliza naruhusiwa nini.
Ndivyo kazi hii inavyokunyoa,
taratibu, kwa wembe usiouma.

Niliuona mgongo. Nilihesabu.
Fomu inataka idadi.

Mjomba akasema, “Hii ni damu yangu. Wewe nani?”
Nikatoa kitambulisho. Kimefifia,
picha ile inaweza kuwa ya dada yangu.
“Mimi,” nikasema, “ni sheria.”
Nikaona haya papo hapo: mwanamke wa makamo,
vumbi hadi magotini, sijala tangu asubuhi.
Lakini alirudi nyuma hatua mbili.
Hatua hizo si zangu. Zilipigiwa kura Dodoma
na watu wasiowahi kuinusa Igombe wakati wa masika,
dagaa wakioza mchangani kwa kukosa jua.
Nawashukuru. Nilizihitaji zote mbili.

Mahakama ilikuwa imefungwa mpaka Jumatatu.
Sheria haina Jumamosi; mtoto anayo.
Alilala kwa mlezi wa kuaminika (simtaji),
ambaye jina lake limo kwenye orodha, limegongwa muhuri,
na ambaye anakoroma. Hilo orodha haisemi.
Usiku, mlezi akaniambia, mtoto aliamka
akauliza kama kukoroma ni kugomba.

Kwenye ripoti kuna mstari:
Maoni ya mtoto. Upana wake vidole vitatu.
Nilingoja aseme shule, aseme mama.
Akasema, “Viatu vyangu vimebaki kule.”
Nikaandika hivyo hivyo.
Kalamu ilitaka kupamba, nikaikatalia.

Hakimu alisoma kwa sauti, akavua miwani.
“Saizi gani?”
Kimya. Karani, askari wa dawati la jinsia,
na mimi, niliyeijua idadi ya makovu
mpaka lile dogo chini ya bega.
Nikaigeuza fomu, nikaitandaza sakafuni.
“Kanyaga.” Akakanyaga. Nikafuatisha kwa wino
kisigino, ubavu, vidole,
na kalamu ikamtekenya, akacheka,
mle ndani, mbele ya nembo ya taifa.
Hakuna aliyesema kimya mahakamani.

Amri ilitoka: miezi mitatu, kisha turudi.
Viatu haikuvitaja.

Faili limo kabatini, droo ya pili, ile inayokwama,
na ufunguo ninao mimi.
Juu yake hakuna jina, nambari tu.
Ila ukigeuza ukurasa wa nne utaona
unyayo wa kushoto, wino wa buluu,
na kidole cha mwisho
kimetoka nje ya karatasi.